Mtoto wa marehemu dadangu: pombe ya tumboni inapimwaje, na mimi niseme au ninyamaze?

MamaMdogo_Kisauni

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Mnisamehe kwa maneno mengi. Jambo hili nimelibeba miezi mitatu na nyumbani hakuna wa kumwambia.

Ninalea mtoto wa dadangu. Dadangu alifariki mtoto akiwa na mwaka na nusu, na tangu arubaini ilipoisha yuko kwangu. Huniita ma'mdogo, lakini akishikwa na homa usiku huita "mama", nami huitika. Sasa ana miaka minane, yuko Gredi ya pili, ameirudia. Mkimwona mtasema ni wa miaka mitano. Sare niliyomshonea mwaka juzi bado yamtosha, na mkanda tunautoboa tundu jipya kwa msumari wa moto.

Udogo si neno, kwetu wafupi ni wengi. Taabu ni hii. Nikimtuma sukari nusu na majani ya chai, na duka liko nyumba ya tatu, atarudi na kibiriti, au peremende, au asirudi. Nikimwuliza ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyesahau. Leo atahesabu mpaka ishirini bila kukosa, tumpigie makofi; kesho baada ya saba yaja kumi na mbili. Jana na kesho kwake ni kitu kimoja. Akichapwa kwa kosa leo (ndiyo, nilikuwa nikimchapa, nishaacha), kesho atalirudia lilo hilo, na ukimtazama usoni waona si ukaidi, hajui lile pigo la jana lilikuwa la nini.

Lakini mdomo anao! Yuwaongea kama wakili. Hadithi zake utaziamini zote, na hapo ndipo kila mtu huniambia, "Huyu si mjinga, ni mtukutu tu, mbane." Tena hana mgeni. Pale stejini humkumbatia makanga asiyemjua. Mara mbili nimemtoa ndani ya matatu ya watu, ameketi zake, anangoja kupelekwa anakokwenda yeyote.

Tulikopita ni kwingi. Ustadh amemsomea, kombe amekunywa. Amepewa dawa ya minyoo. Macho yamepimwa, masikio yamepimwa, sawa. Daktari mmoja wa kulipia alimtazama kwa muda wa mtu kukunja mwavuli, akaandika ADHD, ule ugonjwa wa kutotulia na kutozingatia, na dawa. Zile dawa zilimtuliza asubuhi na kumkata hamu ya chakula. Hesabu zikabaki pale pale.

Sasa hili linalonikosesha usingizi. Kuna kliniki tulikwenda kwa kikohozi tu. Nesi akampima uzani, akamzungusha tepu kichwani, akamtazama uso kwa muda, halafu akaniuliza polepole: "Mama yake alipokuwa na mimba, alikuwa akinywa?" Nikasema, "La, hasha!" Haraka, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto.

Nilidanganya. Dadangu alikuwa akifanya kazi ya usiku Mtwapa, na alikuwa akinywa. Tulilala chumba kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia mlango saa tisa za usiku na kumsafisha kabla mamangu hajaamka kwa alfajiri. Mimba alikuja kuitambua imepita miezi mitatu. Akapunguza. Hakuacha.

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Picha zote ni za watoto wa Kizungu, mimi nitalinganisha vipi na mdomo wa mtoto wa Kisauni? Je, kuna damu ya kupimwa, au picha ya kichwa, itakayosema ndiyo au siyo bila mimi kufungua kinywa? Maana marehemu husitiriwa. Nikitamka haya mbele ya daktari yataandikwa kwenye faili, na hawezi kujitetea.

Ukhty_Frere

Pole habibty. Mimi nasema marehemu mwache alale. Ukishafukua hayo utamfufua? Watoto wa siku hizi wote hawashiki kitu, ni simu. Mnyime simu mwezi mmoja uone.

MamaMdogo_Kisauni

Dadangu, simu yenyewe ni hii moja, nayo imepasuka kioo. Hana simu ya kunyimwa. Shukran lakini.

NesiMstaafu_Changamwe

Mama Mdogo, mwanangu, keti nikueleze. Nimezalisha miaka thelathini na zaidi, na nakiri kwamba chuoni hatukufundishwa jambo hili hata ukurasa mmoja. Nimelisoma baadaye, kwa sababu ya watoto kama huyo wako.

Kwanza swali la damu. Hakuna. Hakuna damu, mkojo wala picha ya kichwa itakayosema kwamba mtoto wa miaka minane aliguswa na pombe tumboni. Kinyesi cha kwanza cha mtoto mchanga, kile cheusi, kinaweza kupimwa maabara kikaonyesha kama mama alikunywa katika nusu ya pili ya mimba, lakini hicho kwenu kilishapita zamani. Na picha ya kichwa kwa wengi wa watoto hawa hutoka safi kabisa. Kwa hiyo ugonjwa huu haugunduliwi kwa mashine. Hugunduliwa kwa tepu, rula, macho ya mtu aliyefundishwa, mitihani ya akili, na mdomo wa aliyeshuhudia. Nitarudi kwa huo mdomo.

Uso. Wanatafuta mambo matatu. Tazama chini ya pua yako, kuna kifereji kinachoshuka mpaka mdomo wa juu. Kwa watoto hawa hicho kifereji hupotea, pakawa laini. La pili, mdomo wa juu huwa mwembamba. La tatu, macho ni mafupi, si kwa kufumba, ni urefu kutoka kona ya puani hadi kona ya sikioni. Huo hupimwa kwa milimita kwa rula inayopitisha mwanga. Umeuliza vizuri kuhusu picha za Wazungu. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, kimetengeneza kadi yenye picha tano za midomo, kutoka kifereji kirefu mpaka pasipo na kifereji kabisa. Picha ya nne na ya tano ndizo za kutiliwa shaka. Na wana kadi mbili, moja ya Wazungu na nyingine ya watu wenye midomo minene kama sisi. Daktari akimlinganisha mtoto wetu na kadi ya Kizungu atasema mdomo ni mnene, hana kitu, na atakuwa amekosea. Mwulize kwa adabu anatumia kadi gani.

Jambo dogo ambalo hata wataalamu hulisahau: mtoto asitabasamu wakati wa kutazamwa. Akitabasamu mdomo hukonda na kifereji hutandazika, ukamwona anao ugonjwa asiokuwa nao.

Lakini usiulalie uso, mwanangu. Uso wa mtoto hujengwa katika wiki chache za mwanzo, wakati mama wengine hata hawajajua kama wana mimba. Ubongo hujengwa miezi yote tisa. Pombe ikikosa dirisha la uso ikaupata ubongo, utapata mtoto mwenye uso wa kawaida na kichwa kisichoshika. Hao ndio wengi, na ndio wanaoitwa watukutu. Tena uso wenyewe hufifia mtoto akibalehe, kwa hiyo miaka minane bado ni wakati mzuri.

Ugonjwa wenyewe si wa jana. Mwaka 1968, mji wa Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine aliandika juu ya watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, na hakusikilizwa sana. Mwaka 1973 Kenneth Lyons Jones na David Smith wa Seattle wakauandika tena na kuupa jina la Kiingereza, fetal alcohol syndrome. Na sisi huku bado tunawapa watoto kombe.

Kazi ya leo: tafuta kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Nataka uzani wa kuzaliwa, mimba ilikuwa na wiki ngapi, na kama kuna mtu aliyeandika mzunguko wa kichwa. Halafu kumbuka: dadako aliwahi kuugua malaria akiwa na mimba? Alikuwa na kifafa? Kuna dawa za kifafa zinazoacha uso unaofanana na huu, na malaria peke yake hupunguza uzani wa mtoto.

MamaMdogo_Kisauni

Bi Nesi, Mungu akulipe. Nimekipata! Kilikuwa ndani ya sanduku la leso zake, kimekunjwa na picha ya hospitali. Sikujua kama nitalia kwa kuona mwandiko wa nesi wa kliniki, lakini nililia.

Kimeandikwa wiki 38. Uzani kilo 2.2. Pembeni kwa kalamu nyekundu: kichwa sentimita 31. Malaria, kumeandikwa alipewa zile dawa za kinga, kuugua sikumbuki. Kifafa hapana, kwetu hakuna. Hudhurio la kwanza kliniki ni mwezi wa sita wa mimba. Kwenye kijisehemu cha pombe na sigara pameandikwa "hapana". Kumbe si mimi wa kwanza kudanganya.

NesiMstaafu_Changamwe

Wiki 38 si njiti, kwa hiyo udogo huo hauwezi kusingiziwa kuzaliwa mapema. Kilo 2.2 iko chini ya 2.5, ule mpaka wa kuhesabiwa mtoto mwenye uzani mdogo. Na kichwa 31 kwa mvulana aliyetimiza siku ni kidogo; wastani kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani ni 34 na nusu. Kitie kijitabu ndani ya nailoni, usikikunje tena. Hiyo "hapana" isikusumbue. Foleni ya wajawazito arobaini, nesi anauliza kwa sauti mbele ya watu, nani atasema ndiyo? Mimi mwenyewe nimeuliza hivyo, na nimeandika hapana nyingi nisizoziamini.

Mpwani_wa_CapeTown

Salamu kutoka Kusini. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, sasa mwaka wa kumi na moja niko Cape Town kwenye kazi za ustawi wa jamii, na huku jambo hili ni la kila siku. Mashamba ya mizabibu ya Western Cape yalikuwa na desturi ya kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo. Ilipigwa marufuku, lakini mazoea yakabaki vijijini. Makadirio yaliyochapishwa 2017 yanasema duniani ni kama watoto 8 kwa kila 1,000. Afrika Kusini ni 111. Dada, si wewe peke yako, na si aibu ya Kisauni.

Nikueleze inavyokwenda tukipata mtoto kama huyo. Hakuna daktari mmoja anayeamua. Daktari wa watoto hupima kimo, uzani, kichwa na uso. Mwanasaikolojia humpa mitihani. Mtu wa lugha humsikiliza. Na mmoja wetu huketi na familia kuuliza juu ya pombe. Kisha tunakutana mezani na kila mmoja anatoa alama zake. Ule utaratibu wa Seattle una tarakimu nne: ukuaji, uso, ubongo, pombe, kila moja kutoka 1 hadi 4. Mtoto anaweza kuwa na 1 ya uso na 4 ya ubongo. Tarakimu ya nne ndiyo wewe.

Na hapa nakujibu lile la kunyamaza. Kama mambo yote matatu ya uso yapo, na kimo, na kichwa, jina linaweza kutolewa hata bila mtu kusema kitu, uso umeshasema. Lakini kama uso ni wa kawaida au una moja tu, bila ushahidi wa pombe daktari hana njia. Ataandika ADHD, au uzito wa kujifunza, na mtoto atakwenda hivyo. Na shahidi si lazima awe mama. Ndugu aliyeona kwa macho yake anatosha, na aliyefungua mlango saa tisa za usiku ameona.

Hutatakiwa kusema "alikuwa mlevi". Hilo neno hata sisi hatuliandiki. Tunauliza: mara ngapi kwa wiki, nini, kiasi gani kwa kikao kimoja, mpaka mwezi gani. Chupa tatu nne kwa mkao mmoja, hata ikiwa ni wikendi tu, zina uzito kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu zinampata mtoto zote kwa pamoja.

Ann Streissguth, pia wa Seattle, alifuatilia zaidi ya watu 400 wenye hali hii. Waliotambuliwa wakiwa wadogo na kukulia kwenye nyumba isiyohamahama walipata misukosuko michache zaidi, ile ya kufukuzwa shule na kushikwa na polisi. Nyumba isiyohamahama naona anayo.

Mwalimu_Ng'ambo

Nimechelewa, feri ilikuwa balaa. Mimi nafundisha kitengo maalum huku Likoni.

Mama Mdogo, wakati unatafuta daktari wa watoto, anza na EARC, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Viko tangu 1984. Omba barua kwa mwalimu mkuu, beba daftari za mtoto, za mwaka jana na mwaka huu. Hawatakuandikia kwamba ni pombe, hiyo ni kazi ya hospitali. Lakini watakuonyesha nini kimelegea na nini kimesimama, na karatasi yao daktari ataihitaji.

Mwongozo wa Kanada wa 2016 unagawa kazi za ubongo sehemu kumi, na wanataka angalau tatu ziwe zimeharibika vibaya ndipo waseme. Kumbukumbu, umakini, lugha, masomo, kujizuia na kupanga, kutawala hisia, kujimudu kimaisha, nyingine utazisikia huko. Soma tena ulichoandika mwenyewe: dukani (kumbukumbu), jana na kesho, stejini. Tatu hizo kabla ya chai. Ila hizo ni dalili za macho ya mama. Zinatakiwa zipimwe kwa mtihani.

Usikubali kipimo kimoja cha akili kikufungie mlango. Wengi wa watoto hawa kipimo hicho huwapa alama za kawaida, halafu watu wakasema "sawa, ana akili". Akili anayo. Asichokuwa nacho ni kamba ya kuifungia.

Lingine, msije mkaing'ang'ania pombe mkasahau mengine. Mlipata kuishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri? Wote tunaikumbuka Owino Uhuru, ule mtaa wa hapa Mombasa uliotiwa sumu na kiwanda kama hicho, na hukumu ya mahakama ya 2020. Madini ya risasi nayo humharibu mtoto akili na utulivu, na hayo damu huyaonyesha. Mwombe daktari ayapime, na koo pia, ile tezi ya shingoni. Zikitoka safi, basi mmeondoa shaka mbili.

Darasani kwangu: amri moja kwa wakati mmoja. Si "chukua daftari, kaa, andika tarehe". "Chukua daftari." Ngoja. Na dukani mpe kopo tupu la sukari mkononi, lile lile kila siku. Asikumbuke yeye, likumbuke kopo.

Ukhty_Frere

Kwa hivyo mtoto akishaandikwa hivyo dawa ni gani? Maana kama haina dawa kuna faida gani ya kumwanika dadake?

Mwalimu_Ng'ambo

Dawa ya kuurudisha ubongo hakuna, ukhty. Kuna kuacha kumchapa.

Bila_Jina

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu.

Mimi ni dadako, Mama Mdogo, ila mimi sikufa. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga karibu na mangwe, kilabu cha tembo la mnazi, na huo mnazi ulikuwa pale pale. Mama mkwe alikuwa akiniambia mnazi waongeza damu. Wa asubuhi ni mtamu, unaona ni maji ya nazi tu, lakini ule unaobaki kwenye dumu unazidi kuchacha, jioni si kinywaji kile tena, nami nilikuwa na kikombe changu asubuhi, adhuhuri na jioni.

Binti alipopelekwa hospitali daktari aliniuliza. Nikasema "kikombe kimoja, siku za harusi". Akaandika hivyo hivyo. Miaka minne binti yangu akaitwa mvivu, mwongo, mwizi, kwa sababu mimi niliona haya. Hakuwa mwizi. Alikuwa hajui kitu cha mtu na kitu chake.

Nilikuja kusema kwa daktari mwanamke, tukiwa wawili, mlango umefungwa, ambaye hakuinua kichwa kunitazama nikisema. Nadhani aliacha makusudi. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa dawa zote.

Wewe waogopa kumwaibisha dadako. Mimi nakuambia kutoka upande wake: ningekuwa nimelala kaburini, na mtu mmoja tu duniani ajua kwa nini mwanangu anachapwa, ningetaka huyo mtu aseme.

MamaMdogo_Kisauni

Bila Jina, nimesoma maneno yako mara nyingi. Nimemwomba Mungu akusitiri.

Nimerudi na habari, imepita wiki tatu.

Kwanza nilimwambia mamangu. Sikuweza kwenda hospitali kabla yake, ingekuwa nimemzunguka. Nilingoja amalize isha, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kwa kuzunguka, "mama, unajua dada kazi yake ilikuwa ya usiku..." Hakunipa nafasi ya kumaliza. Akasema, "Ule mlango ulikuwa ukilia. Miaka yote ile nalisikia." Halafu akaniuliza kama nimelipa maji. Hatujalizungumza tena, lakini asubuhi ya kwenda alimvalisha mtoto mwenyewe, akamtia udi.

Daktari wa watoto tulimpata kwa kuelekezwa, si yule wa mwavuli. Nilimwomba mtoto atoke nje na mamangu kwanza. Nikasema. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kama alivyonieleza ndugu wa Cape Town, ili nisitokwe na maneno: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, bia nne tano, wakati mwingine kali, hivyo hivyo mpaka mwezi wa nne, baadaye mara moja moja mpaka wa saba. Alinakili. Hakusema astaghfirullah, hakutikisa kichwa. Aliniuliza tu, "Wewe ulikuwa na miaka mingapi wakati huo?" Nikasema kumi na tisa. Akaandika na hilo, sijui la nini.

Bi Nesi, nilimwuliza kadi. Alicheka, akasema ni mara ya kwanza mzazi kumwuliza, akaifungua kwenye kompyuta, ile ya midomo minene. Kifereji alimpa nne, mdomo tatu. Macho mafupi, kwa rula. Kwa hiyo si uso kamili; akasema wazi kwamba bila ile karatasi yangu angeishia kukisia. Kichwa bado kidogo kwa umri wake. Damu imechukuliwa ya risasi na ya tezi, ya risasi imetoka safi, ya tezi twaingoja. Jina hajalitoa. Ameandika "yashukiwa", na mwanasaikolojia ametupa siku mbili mwezi ujao, asubuhi asubuhi kabla mtoto hajachoka. EARC wametupangia Jumanne.

Shule nimepeleka barua ya daktari. Mwalimu wa darasa aliisoma mara mbili, akaniambia, "Mimi nilimwandika mkaidi kwenye ripoti." Akaomba ile ripoti airudishe aiandike upya. Sikumdai, amejitolea.

Kopo la sukari linafanya kazi siku nne kati ya tano. Ile ya tano alirudi na kopo limejaa chumvi, lakini alirudi.

Na ile ya kutotabasamu, Bi Nesi! Daktari alitaka kumpiga picha, akambandika kibandiko cha duara kwenye paji la uso cha kupimia. Mtoto huyu hajawahi kuonyeshwa kamera asicheke. Tulimbembeleza dakika kumi, mamangu akamkunjia uso, daktari akamkunjia uso, yeye akazidi kucheka, hadi alipopiga mwayo tukaipata. Kibandiko alikataa kukitoa. Tumerudi nacho mpaka Kisauni, na ndani ya matatu kila aliyeketi karibu yetu ameelezwa kwamba yeye amepimwa mdomo na daktari mkubwa, na mdomo wake una namba.